Kwa Basi Kutoka Dar es Salaam Hadi Mosi-oa-Tunya: Mwongozo wa Msafiri wa Shanta

Maporomoko ya maji ambayo ramani nyingi huyaita Victoria yana jina la zamani zaidi ambalo Mswahili huelewa nusu yake bila kufundishwa: Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, kwa lugha ya Wakololo. Yapo katika mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na kutoka Dar es Salaam yanafikika kwa basi kwa safari ya takriban kilomita 2,400. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri anayebeba shanta lake mwenyewe mgongoni, anayelala katika nyumba za wageni za bei ya kawaida, na ambaye muda anao kuliko fedha.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa wanaopita njia hii ni kuitazama barabara kama adhabu ya kuvumiliwa hadi mwisho. Hupanda basi la moja kwa moja hadi Lusaka, hukaa kitini kwa zaidi ya siku moja, huunganisha basi la pili huku miguu imevimba, kisha huyatazama maporomoko kwa saa mbili na kugeuza. Kwa hiyo karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na mambo mawili: kwamba mwezi wa safari uchaguliwe kwa kufuata maji ya Zambezi na si kwa kufuata likizo, na kwamba njia ikatwe vipande, kila kipande kikiwa na usingizi wa kitandani na kitu cha kutazama.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi kabla ya kununua chochote

Mvua katika bonde la Zambezi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na mgeni hudhani kwamba mto hujaa mvua inapokuwa katikati. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji hutoka mbali, Angola na kaskazini magharibi mwa Zambia, na kabla ya kufika kwenye maporomoko hutandazwa katika tambarare za Barotse, ambazo huyashika kwa wiki kadhaa na kuyaachia polepole. Ndiyo maana kilele cha maji huja Aprili, mvua zikiwa zimekwisha au zinakwisha, na kiwango cha chini kabisa huja Oktoba na Novemba, wakati mawingu ya msimu mpya yanapoanza kujikusanya.

Kila kipindi kina sura yake. Mwezi Aprili na Mei, pazia la maji lenye upana wa mita 1,708 hudondoka kwa ukamilifu katika ufa wenye kina cha mita 108, na mvuke wake huonekana ukiwa bado kilomita 20 hivi kabla ya kufika. Hata hivyo, ukisimama mbele yake katika miezi hiyo, mara nyingi huoni ila weupe. Utasikia mngurumo, utaloa hadi ndani ya viatu, na picha zako zitakuwa za ukungu. Oktoba na Novemba mambo hugeuka: upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mtupu, na msafiri aliyetumia siku nyingi barabarani hujikuta akitazama jiwe. Mimi huwashauri watu wachague kati ya mwisho wa Juni na Agosti, kwa kuwa maji bado ni mengi, mvuke umepungua kiasi cha kuacha ukuta uonekane, na anga ni safi. Gharama yake ni baridi. Mbeya na Lusaka usiku wa Julai si mahali pa kulala na shuka moja, na abiria wa pwani ambaye hakubeba sweta hujuta kabla hajavuka mpaka.

Kalenda ya mwezi wa angani nayo itazame. Katika siku chache zinazozunguka mwezi mpevu, hifadhi hufunguliwa usiku kwa ajili ya wanaotaka kuona upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi kwenye mvuke. Upinde huo huhitaji maji mengi na anga lisilo na mawingu kwa pamoja, hivyo Mei, Juni na Julai ndiyo miezi yenye matumaini zaidi.

Hatua ya pili: Nyaraka, fedha na mzigo

Raia wa Tanzania na wa Kenya hawahitaji viza ya utalii kuingia Zambia wala Zimbabwe. Raia wa nchi nyingine waulize ubalozini mapema, hasa kama wanakusudia kuvuka daraja na kurudi, kwa maana viza ya kuingia mara moja huisha pale unapotoka. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita na kurasa tupu za kutosha, kwani safari hii hugonga mihuri mingi kuliko inavyotarajiwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibandikwe ndani ya jalada la pasipoti. Usisubiri kujua kama utaulizwa, kwa sababu ukiulizwa huna, mazungumzo yanayofuata huwa marefu.

Kuhusu fedha, shilingi huishia mpakani. Zambia hutumia kwacha, na mwaka 2013 nchi hiyo ilifuta sifuri tatu katika fedha yake, hivyo noti za zamani zenye maelfu mengi hazina thamani hata kama zinang'aa. Badilisha mpakani kiasi cha kukufikisha Lusaka tu, na kilichobaki kitoe kwa kadi benki au kibadilishe kwenye duka la fedha za kigeni. Beba pia dola kidogo za Kimarekani, noti mpya zisizochanika wala kuandikwa, kwa ajili ya malango ya hifadhi na kwa ajili ya upande wa Zimbabwe.

Mzigo uwe wa kubebeka bila msaada. Begi lisilozidi kilo 10 au 12 hukuwezesha kushuka stendi ukitembea kwa miguu yako, na mtu anayetembea na begi lake mwenyewe haandamwi sana na wapiga debe. Ndani yake weka sweta, koti la mvua, viatu vya raba ambavyo hutajali vikiloa, tochi ya kichwani, neti au dawa ya kujipaka dhidi ya mbu kwa sababu njia yote hii ina malaria, na mifuko ya plastiki imara ya kufungia simu na pasipoti. Vitu vya thamani visikae kwenye begi linalokwenda buti. Viwe kwenye mkoba mdogo ambao mkanda wake unapitisha mguuni unapolala.

Hatua ya tatu: Dar es Salaam hadi Mbeya, mchana

Kituo cha kuanzia ni Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nunua tiketi ya kielektroniki siku moja au mbili kabla, kwenye ofisi au programu ya kampuni yenyewe, na uangalie kwamba jina lako, namba ya siti na muda wa kuripoti vimeandikwa. Chagua basi la alfajiri. Najua kwamba basi la usiku huokoa gharama ya chumba, lakini kipande hiki ndicho chenye mandhari bora kuliko vyote kabla ya Livingstone, mji ulio jirani na maporomoko, na kukipita gizani ni kulipa nauli kamili kwa nusu ya safari.

Kaa upande wa kulia, yaani upande wa dereva, dirishani, katikati ya basi na si juu ya tairi. Baada ya Morogoro, barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na uwanda wa Mkata ulio wazi uko upande huo. Twiga, pundamilia, swala na mara nyingine tembo huonekana bila kiingilio chochote, hasa asubuhi. Usilale. Baada ya hapo, bonde la Ruaha Mbuyuni hufungua msitu wa mibuyu na vibanda vya vitunguu kando ya lami, kisha basi hupanda mlima Kitonga kwa kona ambazo hunyamazisha abiria wote, hata wale waliokuwa wakibishana kuhusu mpira tangu Chalinze.

Kanuni mbili za basini zinatosha. Kwanza, usinywe maji mengi kwa mkupuo, kwa kuwa nafasi ya kuchimba dawa hutegemea huruma ya dereva na si haja yako. Kunywa kidogo kidogo, na kila basi linaposimama shuka, hata kama hujisikii. Pili, usile wala kunywa kitu unachopewa na abiria usiyemfahamu, na kataa kwa adabu ukisema umefunga au tumbo linasumbua. Watu wema hawatakasirika, na wasio wema ndio unaowaepuka.

Mbeya lala usiku mbili. Siku ya katikati itumie kupanda hadi Ziwa Ngozi, ziwa la kreta lililo njiani kuelekea Tukuyu, ambako hupitia msitu wa milimani wenye unyevu hadi ukingoni mwa shimo ambalo maji yake yako chini kabisa. Chukua mwenyeji wa kukuongoza kutoka kijijini. Njia za kando ni nyingi na ukungu hushuka ghafla. Anayependa safari fupi zaidi atakwenda Daraja la Mungu, tao la mwamba wa asili lililo juu ya mto Kiwira. Siku hiyo moja huupa mgongo nafasi ya kusahau kiti, na usiudharau mgongo, kwa kuwa barabara ya Zambia bado inakungoja.

Hatua ya nne: Kuvuka Tunduma na Nakonde

Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kilomita zaidi ya 100 kidogo, na mabasi madogo hujaa kila saa. Ondoka asubuhi ili uvuke ukiwa na mwanga. Foleni ya malori utakayoiona ni ya mizigo ya bandari ikielekea migodi ya shaba na nchi za jirani. Msafiri wa miguu haimhusu, ipite kando.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, unagongwa muhuri wa kutoka dirisha moja na wa kuingia dirisha linalofuata. Hutahitaji mtu wa kukusaidia kujaza fomu. Watakuja vijana wenye bidii wakikuita kaka au dada, wakishika begi na kukuambia kwamba bila wao utazuiliwa. Washukuru, shika begi lako, fuata mshale. Ofisa akikuuliza unakwenda wapi, jibu kwa jina la mji na jina la nyumba ya wageni, na idadi ya siku. Kabla hujaondoka dirishani, soma siku alizokuandikia kwenye muhuri.

Wabadilisha fedha ndio mtihani halisi wa mahali hapa. Ujanja wao si noti bandia. Ni hesabu ya haraka na noti zilizokunjwa katikati ili zihesabike mara mbili. Jua kiwango cha siku kabla hujafika, piga hesabu kwa simu yako na si kwa kikokotoo chao, pokea kwacha kwanza, zifungue moja moja, zihesabu, ziweke mfukoni, ndipo utoe shilingi. Akikurudishia fedha akidai amekosea na kuomba azihesabu upya, biashara hiyo imekwisha, ondoka. Nakonde Kiswahili kinaeleweka vizuri, jambo ambalo hufariji na pia hulegeza tahadhari.

Sasa jambo la saa, ambalo huwapotosha wasemaji wa Kiswahili kuliko wageni wengine wote. Zambia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na zaidi ya hapo, watu wake huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na hupenda mtindo wa saa 24. Basi lililoandikwa 13:00 mjini Lusaka huondoka saa saba mchana kwa hesabu yetu ya saa, wakati ambapo Dar es Salaam ni saa nane mchana. Mwenye kusikia kwa mdomo saa tisa, akaja alasiri kwa mazoea ya nyumbani, atakuta basi limeondoka tangu asubuhi. Daima omba muda uandikwe kwa tarakimu, na urudie kwa kutaja kama ni kabla ya chakula cha mchana au baada.

Hatua ya tano: Nakonde hadi Lusaka

Huu ndio mgongo wa safari: zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe, katika nchi ya miombo isiyo na mwisho. Wengi huona ni pa kuchosha. Mimi sikubaliani nao kabisa, lakini nakiri kwamba uzuri wake ni wa aina moja ukirudiwa kwa saa kumi na nne. Mwaka 2016 Zambia iliweka kanuni ya kuzuia mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya ajali. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza wazi basi linaondoka lini, linafika lini, na kama litalala njiani mtalala wapi. Ukiambiwa mtalala kitini, panda la asubuhi inayofuata.

Mwenye siku tatu za ziada akatishe njia Serenje. Kutoka eneo hilo hugawanyika barabara iendayo Samfya na Mansa, na upande huo kuna mambo mawili. La kwanza ni Hifadhi ya Kasanka, ambako kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba popo wa matunda wanaokadiriwa kufikia milioni nane hadi kumi hukusanyika katika kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, na jioni huinuka wote kwa pamoja hadi anga likawa jeusi. Ni tukio la ajabu kuliko maporomoko yenyewe, nasema hivyo bila kusita; tatizo ni kwamba huangukia msimu ambao maji ya Zambezi yamepungua kabisa, na msafiri hana budi kuchagua au kupanga kuyatazama maporomoko kutoka Zimbabwe. Kasanka kwa usafiri wa umma ni shida, hivyo wasiliana na kambi kabla, ujue utakaposhukia na nani atakupokea.

La pili ni Chitambo, alipofia mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1873. Msomaji wa pwani ana sababu yake ya kupajua: ni hapo watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipoukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, na kuubeba kwa miguu kwa miezi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ukiwa umechoka na kiti cha basi, kumbuka kwamba wao waliitembea njia inayokaribiana na umbali huu wakiwa na mzigo wa namna hiyo.

Chakula cha njiani hakitakupa shida. Nshima ni ugali, kapenta ni dagaa, na hata undugu wao ni wa kweli: dagaa wanaovuliwa leo Ziwa Kariba walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Jaribu pia chikanda, kitu kinachofanana na keki nzito ya kahawia kikiwa na karanga na pilipili. Hutengenezwa kwa viazi vya okidi za porini, na hamu ya Wazambia kwa chakula hicho ilivuka mpaka kiasi cha kuchimbisha okidi za nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Hifadhi ya Kitulo ikiwemo. Onja kipande kimoja, ukijua kilikotoka.

Salamu hufungua milango kuliko Kiingereza. Kaskazini sema "mulishani", na kushukuru sema "natotela". Lusaka sema "muli bwanji" na "zikomo". Livingstone, kwa Watonga, "mwabuka buti" asubuhi na "twalumba" kwa shukrani.

Hatua ya sita: Lusaka, na kipande cha mwisho

Kituo kikuu cha mabasi Lusaka kiko barabara ya Dedan Kimathi, na Mkenya akishuka hapo atajisikia amepokelewa. Ni mahali pa vurugu, wapiga debe wakivuta mikono na mabegi. Dawa ni kuingia ukiwa umeshajua jina la kampuni unayoitaka na kuelekea dirishani kwake bila kujibu maswali ya njiani. Sajili laini ya simu kwa pasipoti yako. Airtel na MTN zote zipo, na fedha za simu hutumika karibu kila mahali. Lala Lusaka usiku mmoja.

Lusaka hadi Livingstone ni chini kidogo ya kilomita 500, kupitia Mazabuka penye mashamba ya miwa, Choma na Kalomo. Ukipanda basi la saa za mchana, kaa kushoto, kwani jua la alasiri litakuwa upande wa kulia hadi unafika.

Hatua ya saba: Kuyatazama maporomoko kwa mpangilio

Toa siku tatu. Mji wa Livingstone uko kilomita 10 hivi kutoka kwenye maporomoko, na teksi za kuchangia huenda huko mchana kutwa. Usitembee kwa miguu barabara hiyo alfajiri wala jioni, hata kama nyumba yako ya wageni ina mtu anayekwambia hakuna neno: tembo huvuka pale kwenda kunywa maji, na hawatangazi.

Siku ya kwanza iwe ya upande wa Zambia. Fika lango linapofunguka. Anza na njia ya mbele, inayokabili ukuta wa maji, na uvuke daraja jembamba la miguu liitwalo Knife-Edge, ambalo katika miezi ya maji mengi hukunyeshea kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Makoti ya mvua hukodishwa langoni; lako litakuwa na harufu nzuri zaidi. Baada ya kukauka kidogo, shuka kwa ngazi na mawe kupitia msitu wenye miti ya jamii ya mitende hadi Boiling Pot, bwawa ambalo mto mzima hujizungusha kabla ya kupinda chini ya daraja. Kupanda kurudi ni kazi ya jasho, kwa hiyo usiiache mchana wa jua kali. Nyani wa huko wamezoea watu kupita kiasi. Wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki, na mwenye kubeba ndizi mkononi amekwisha kuzigawa bila kujua.

Ukiwa chini pale, tazama miamba. Ni basalti, mabaki ya lava ya kale, na ndani yake kuna nyufa kubwa zinazokatiza mto. Maji hula ufa laini, hutengeneza ukingo, hudondoka hapo kwa muda mrefu mno, kisha hupata ufa mwingine nyuma na kuhamia huko. Makorongo yaliyopindapinda kuelekea chini ya mto, moja baada ya jingine, ni maporomoko ya zamani. Unayoyatazama ni ya leo tu.

Siku ya pili vuka kwenda Zimbabwe. Daraja la chuma lilifunguliwa mwaka 1905, liko mita 128 juu ya maji, na hupitwa kwa miguu. Kituo cha mpaka hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Asiyetaka kuingia Zimbabwe anaweza kuomba kibali cha daraja tu kwa maofisa wa Zambia, akasimama katikati na kurudi. Lakini mimi huona kuingia kuna thamani yake, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya ukuta huonekana kutoka upande huo, na mwishoni magharibi kuna mkondo usiokauka hata Oktoba. Langoni kuna bei ya wenyeji, bei ya raia wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na bei ya wengine wote. Mtanzania na Mkongomani wamo katika kundi la pili, wakati Mkenya na Mganda hawamo. Onyesha pasipoti kabla ya kulipa, si baada.

Siku ya tatu ni ya hiari. Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Januari, maji yakiwa chini, waongozaji wenye kibali huwapeleka wageni kisiwa cha Livingstone na kwenye bwawa lililo ukingoni kabisa mwa maporomoko. Ni ghali, na mimi niliridhika kutazama kwa mbali. Bila mwongozaji usithubutu kuingia mtoni popote juu ya maporomoko; mkondo unaoonekana mpole una viboko na mamba, na mwisho wake unaujua. Asiye na fedha hizo aende kutembea na askari wa wanyamapori katika sehemu ya Hifadhi ya Mosi-oa-Tunya wanakolindwa vifaru weupe, au akae tu kando ya mto jioni.

Kurudi

Njia ni ileile, na wengi huifanya kwa haraka. Nunua tiketi ya Lusaka hadi Nakonde mapema, tumia kwacha zako zote kabla ya kufika mpakani, na ukivuka, rekebisha saa ya simu kwa mkono badala ya kuiachia ijirekebishe yenyewe. Mimi nililala Tunduma nikiwa na tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi, simu ikinasa mtandao wa ng'ambo usiku kucha. Niliingia stendi nikijisifu kwa kuwahi, saa ikionyesha kumi na moja na nusu, na kijana wa kufagia akanieleza kwamba basi langu liliondoka nusu saa iliyopita.

Ikikutokea hivyo, panda basi dogo la kuelekea Mbeya na ushuke Mbozi. Kando ya barabara hiyo, kwa bodaboda, kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kimekaa kimya mahali kilipoangukia. Nilikizunguka mara mbili, nikakigonga kwa kidole, kikatoa mlio kama sufuria nzito. Basi la Dar nililipata kesho yake.